Mabakuli ya Usiku

Sepetu ya kwanza ilimpata Bahman juu ya sikio. Golandam, aliyekuwa juu ya dari la nyumba yake akikung'uta mfarishi, alisikia mlio kabla hajamwona mpigaji: mlio wa boga lililoponyoka mikononi likapasukia sakafuni. Kijana aligeuka nusu, kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha akakaa chini ndani ya mfereji, na maji yakampita mapajani yakaenda zake mekundu.

Aliyempiga alikuwa Heidar, mtoto wa kaka yake Golandam.

"Heidar! Umefanya nini, kichaa wewe!"

Nani wa kumsikiliza? Muda wa kuvaa kiatu haujapita, wanaume wa Mtaa wa Juu na wanaume wa Mtaa wa Chini walikuwa wote mferejini, wanapigana kwa sepetu, kwa mawe, kwa meno. Muoka mikate alitoka na ubao wake wa kutilia mikate tanurini, akawa anapiga tu, hajali mtaa. Mtu mmoja alimkaba shemeji yake aliyemwoza dada yake mwezi uliopita, wali wa harusi haujatoka mdomoni. Mwingine alitema kidole gumba ambacho hakikuwa chake. Mzee Morovvat wa Mtaa wa Chini, aliyekuja kuamua, alisukumwa kifudifudi, na mtu akamkanyaga mgongoni bila kujua, akasimama pale pale juu yake akirusha ngumi. Mzee wa watu alikufa kwa maji yasiyofika kifundo cha mguu.

Na katikati ya balaa hilo, Golandam akamwona mumewe, Karbalai Safdar, anatoka mlangoni mwa nyumba ya kipimo, bakuli la shaba mkononi linachuruzika, anapiga kelele kama muuza samli: "Jamani, bakuli la sabini na sita! Niko la sabini na sita! Msinipotezee hesabu!"

"Rudi ndani, mwanaume wewe!" Golandam alilia kutoka darini. "Hesabu gani tena!"

Walimgeukia. Ni kama waliokuwa wanapigana walisahau kwa dakika moja kwa nini wanapigana, kisha wakamwona na wakakumbuka. "Mwizi huyo!" Golandam alimwona akienda chini, akaona miguu ikiinuka na kushuka, akateremka ngazi bila kuhesabu vidato. Alipofika, walikuwa wameshamburura.

*

Shurabak nzima inaishi kwa uzi mmoja wa maji. Mababu walichimba njia chini ya ardhi kutoka mlimani, mwendo wa nusu siku, na maji hayo yanatokeza karibu na hamamu, yanagawanywa. Hakuna mvua ya kusema. Mtu hapa anaweza kukuazima punda wake, hata mke wake siku akimkasirikia, lakini maji hakuazimi.

Kipimo ni bakuli. Lina tundu chini, dogo, sisimizi akipita atajikwaruza. Unaliweka juu ya maji ya mtungi mpana, linaelea, linajaa polepole, linazama, linagonga chini: ting. Hapo ndipo bakuli moja la maji limetimia. Mpimaji anahamisha kokoto moja, analitoa, analimwaga, analirudisha. Kuanzia jua linapochomoza, mabakuli themanini ya Mtaa wa Juu. Kisha maji yanakwenda hamamu na kwenye tangi la wote. Ikionekana nyota ya jioni, mabakuli themanini ya Mtaa wa Chini. Usiku walipewa Mtaa wa Chini kwa sababu mababu zao walikuwa wanyonge, na nani anataka kumwagilia ngano gizani, mwezi wa barafu, mbwamwitu wanamwangalia?

Safdar, aliyeitwa Karbalai tangu alipokwenda kuzuru Karbala, alikaa na bakuli hilo miaka thelathini na moja, akilala kati ya ting na ting. Mchana, nyumba ya kipimo ilikuwa ndiyo baraza la kijiji. Samovari ya chai inachemka tangu asubuhi, makaa yanawaka, wanaume arobaini wamebanana kama makomamanga kapuni, wanavuta, wanasengenya, nani kaachwa, nani kaachika, mbuzi wa nani kaonekana kwa nani. Golandam mwenyewe alikuwa akipeleka mikate pale mara nne kwa siku, na haja ya mikate ilikuwa mara moja.

Kisha Eskandar akarudi kutoka Bombay.

Miaka tisa alikuwa huko, kwenye mkahawa wa Wairani, anakanda unga. Alirudi na kofia, na jino la dhahabu, na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Kijiji kizima hakuna aliyejua kuisoma ila yeye. Baba yake, Yavar, mkubwa wa Mtaa wa Juu, alitembea naye kama anatembea na farasi.

"Bakuli lako dakika saba, Karbalai," Eskandar alisema siku ya kwanza, anajichekea tu, chai mkononi.

"Bakuli langu ni bakuli," Safdar akamjibu. "Dakika zako nenda kawauzie Wahindi."

Watu wakacheka. Ingeishia hapo. Lakini Eskandar hakupata usingizi usiku mmoja, akapita nyumba ya kipimo, akamkuta Safdar peke yake amejikunyata ndani ya mablanketi, makaa yamekuwa majivu. Kwa kukosa la kufanya, akapima tena. Kesho yake akamwambia baba yake: mchana saba, usiku nane na ushei.

Yavar hakujua kusoma, ila kuzidisha alijua. "Mara themanini," alisema. "Kila usiku wanatuibia mabakuli zaidi ya kumi. Na huyo Safdar mama yake katoka mtaa gani?"

Mama yake Safdar alitoka Mtaa wa Chini. Basi. Tangu siku hiyo ikawa nta. Eti Safdar anabandika nta tunduni usiku, lijae polepole, anaitoa alfajiri. Alfajiri ile ya mapigano Yavar na wanawe, Bahman akiwemo, walikwenda kuziba mfereji wa Mtaa wa Chini kabla zamu yao haijaisha, na Heidar wa Mtaa wa Chini akawakuta, sepetu begani.

*

Usiku ule Mtaa wa Juu walichukua maji yote. Hakuna aliyepima kitu. Heidar alikuwa ameshakimbilia milimani. Safdar walimfunga kwenye shina la mforosadi uliokauka mbele ya nyumba ya kipimo.

Jua lilipotoka Golandam alikwenda, mkate kifuani. Mabavu ya walinzi hayakumtisha. Wawili kati yao aliwakata kitovu mwenyewe.

Mtungi wa kipimo walikuwa wameutoa nje kutafuta nta, ukalala hapo hapo uani. Safdar naye alikuwa baridi kama huo mtungi. Jicho moja limefunga. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa peke yake, umenyooshwa juu ya gogo, na vidole viwili vya mwisho vilitazama upande usio wao.

"Wamekufanya nini, baba wee."

"Kimoja jana jioni, kimoja alfajiri," Safdar alisema. Meno yalimgongana. "Yavar ana utaratibu."

"Unapata wapi roho ya mzaha?"

"Sina kingine cha kula."

Akamtia mkate mdomoni. Hakuweza kuutafuna. Yavar alitokea nyuma yake, ndevu zina mavumbi, joho limechanika kifuani kwa msiba. Bakuli la shaba lilikuwa limefungwa kiunoni mwake kwa kamba, kama kichwa cha adui. Usiku mmoja ulikuwa umemtafuna mtu huyu kuliko miaka sitini.

"Mama Golandam, mwambie mumeo," alisema kwa sauti ya chini. "Nakwenda kumzika mwanangu. Nikirudi kutoka makaburini, akiri kwamba aliweka nta, nakata mkono tu. Akikataa, nakata shingo. Sepetu ninayo, na nimeinoa."

"Umeligeuzageuza bakuli hilo kulitazama, Yavar. Umeiona nta?"

"Kaikwangua."

"Mtu wa kukwangua kaikwangua lini? Mmemkamata nalo mkononi!"

Yavar alimtazama kwa macho mekundu. "Mwanangu ana miaka kumi na tisa," alisema. Hakusema "alikuwa na". "Nta ipo."

Akaondoka. Safdar akasema, "Nenda zako nyumbani. Niletee asali ya zabibu, iliyochemshwa na samli. Kama nitakatwa, nikatwe nina kitu tumboni."

*

Asali ya zabibu ilikuwa ndani ya mtungi wa shingo nyembamba, stoo, mahali penye baridi ya kuua panya. Golandam aliuinamisha juu ya bakuli la udongo, akangoja. Ikatoka ncha tu, ikaning'inia. Akautikisa. Akaulaani mtungi, mama yake mtungi, na mfinyanzi.

Jirani yake Zinat alikuwa amekaa mlangoni analia na kusengenya kwa pumzi moja. "Wanasema Yavar jana kagonga kichwa ukutani mpaka plasta ikabanduka. Na yule mke wa muoka mikate, umesikia? Kaficha meno ya mumewe kwenye kitambaa, eti yatarudishwa. Golandam, weka mtungi karibu na jiko, mwenzangu, unamkamua ng'ombe aliyekufa. Mwezi huu hata mate hayatoki."

Golandam akauweka jikoni. Akachuchumaa hapo, akimwona mumewe, gogo, vidole. Muda wa rakaa mbili haukupita, akauinamisha tena, na asali ikatoka kama uzi, tiriri, ikajaza bakuli mpaka ikamwagika.

Akaitazama.

"Zinat," alisema. "Mchana nyumba ya kipimo kuna nini?"

"Kuna kelele."

"Kuna nini kingine?"

"Samovari. Makaa. Wanaume arobaini, na wengine hawajaoga tangu Muharramu. Joto la hamamu. Kwa nini?"

"Na usiku?"

"Usiku kuna mumeo, masikini ya Mungu, na baridi." Zinat alifuta pua. "Asali unaimwaga."

"Na maji je? Maji nayo yakipata baridi yanakuwa mazito?"

Zinat alimtazama kama anamtazama mtu aliyeanza kuongea na nguo. "Maji ni maji, dada. Labda yagande."

"Kabla ya kuganda."

"Kabla ya kuganda ni maji!"

Golandam alikuwa ameshasimama. Akatwaa kopo la chai la bati, akalitoboa chini kwa sindano ya kushonea viatu. Akalijaza maji ya ndoo iliyolala uani, yenye utando wa barafu juu, akalining'iniza lichuruzike. "Hesabu," alimwambia Zinat. "Salawati. Kwa sauti." Zinat akahesabu huku akilia. Kisha wakalijaza maji ya birika, yamepoa kiasi cha kuogea mtoto. Zinat akahesabu tena. Alipofika mwisho hakuwa analia.

"Ee Bibi Fatima," alisema. "Kumbe!"

"Vaa baibui lako," Golandam alisema. "Leta na mtungi. Nakwenda kwenye mdomo wa mfereji."

Maji yanapotoka chini ya ardhi, asubuhi ya barafu, yanafuka moshi. Kila mtoto wa Shurabak anajua hilo, ananawia hapo uso kwa sababu hayaumi. Miaka mia nne wanayaona yanafuka. Hakuna aliyewahi kujiuliza lolote.

*

Msafara wa mazishi ulikuwa unarudi alipofika, mtungi wa maji ya moto wa ardhini begani, Zinat nyuma yake na wa pili. Mtaa wa Juu wote walikuwapo. Mtaa wa Chini nao walikuja, wamesimama ng'ambo ya mfereji, mawe mikononi, nao wametoka kumzika Morovvat. Kati ya pande mbili damu ya jana ilikuwa imegandia ukingoni.

Yavar hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gogo, akachukua sepetu.

"Sema, Karbalai. Uliweka nta?"

"Miaka thelathini na moja," Safdar alisema, "sijaweka hata mate."

Sepetu ikapanda.

"Yavar!" Golandam alipiga ukelele mpaka njiwa wa hamamu wakaruka. "Ukikata sasa, umekata bila kujua! Nipe bakuli. Nipe muda wa mabakuli mawili. Mabakuli mawili tu, mbele ya watu. Nta nitakuonyesha mimi mwenyewe ilipo!"

Hilo neno nta ndilo lililouzuia mkono. Yavar alishusha sepetu kidogo. Taratibu akafungua kamba kiunoni, akamtupia bakuli miguuni.

"Eskandar apime," mtu mmoja wa Mtaa wa Juu alisema. "Yeye ndiye anayejua saa."

Eskandar alikuwa amesimama kando, kofia mkononi, udongo wa kaburi la mdogo wake kwenye magoti. Golandam alimtazama. Kijana hakumtazama.

"Saa yake ikae mfukoni," Golandam alisema. "Mtu mmoja akijua na mia hawajui, huo si ushahidi. Hapa kila mtu ana mdomo. Mtahesabu salawati, nyote, pande zote mbili, kwa sauti moja. Asiyehesabu ndiye aliyeweka nta."

Minong'ono. Kicheko cha mtu mmoja, kikavu, kikafa. Golandam aliuvuta mtungi wa kipimo uliolala uani, akavunja utando wa barafu kwa ngumi, ngozi ya vidole ikachanika. Akaliinua bakuli juu, akalizungusha ili waone mwanga wa jua tunduni. Akaliweka juu ya maji.

"Allahumma swalli..." alianza, peke yake. Zinat akadakia. Kisha sauti ya mtu wa Mtaa wa Chini, kisha bibi mmoja wa Mtaa wa Juu, kwa sababu nani atakaa kimya salawati zikisomwa? Mwishowe uwanja mzima ulikuwa unavuma. Watu waliotaka kuuana jana walikuwa wanavuta pumzi mahali pamoja. Muoka mikate alihesabu bila meno.

Ting.

"Ngapi?"

"Tisini na saba!" Hakukuwa na ubishi. Mmoja alisema tisini na sita, akazomewa.

Golandam aliumwaga mtungi ule wote. Maji yakatambaa hadi miguuni mwa Safdar. Akamimina aliyoyaleta, yanafuka. Akachukua bakuli lile lile, akalifuta kwa ushungi, akalionyesha tena, akaliweka.

Safari hii walihesabu kwa pupa, na Golandam akapaza sauti: "Polepole! Kama mwanzo! Msimkimbize Mtume!" Akawapigia mwendo kwa kiganja pajani. Yavar naye midomo ilikuwa inacheza.

Ting.

Kisha sauti nyembamba ya mtu wa ng'ambo ya mfereji: "Themanini na nne."

"Themanini na nne," wakasema na wa huku.

"Nta yenu hiyo," Golandam alisema. "Baridi. Maji yakipata baridi yanakuwa kama asali, hayapiti upesi. Mchana mnajazana humo ndani na samovari, maji yanapata moto, bakuli linakimbia. Usiku mume wangu anakaa peke yake, maji yanaganda naye. Tundu ni lile lile. Mkitaka haki, mtungi umwagwe kila baada ya mabakuli machache, utiwe maji mapya ya ardhini, usiku na mchana. Maji hayo hayajui kiangazi wala kipupwe. Basi. Hakuna mwizi. Mfungue."

Hakuna aliyesogea. Wote walimtazama Yavar.

Yavar alikuwa anatazama mtungi. Aliinama, akatia mkono ndani, akautoa, akautazama unachuruzika. "Tena," alisema.

"Yavar..."

"Tena!"

Wakarudia. Maji ya baridi waliyachota tangini, ya moto mferejini. Idadi ikatoka karibu ile ile. Kufikia hapo watu walikuwa wanahesabu kwa sauti ndogo, wengine wanatazama chini. Mwanamke mmoja wa Mtaa wa Chini, binti yake Morovvat, alikaa chini mavumbini na kuanza kucheka, akawa hawezi kuacha.

Yavar alimsogelea Golandam. Aliposema, aliongea taratibu, kama mtu anayebembeleza bei sokoni.

"Mama. Nisikilize. Aseme aliweka nta."

"Nini?"

"Aseme tu. Sikati kitu. Simgusi. Nitamfungua, nitampa nyumbu, aende Yazdi, nawe uende naye, nitawalisha mpaka mfe. Aseme mara moja, mbele ya watu. Aliweka nta." Akanyoosha mkono upande wa makaburini. "Mimi nina mtoto ardhini, mama. Nimwambie nini mama yake? Kwamba ni baridi?"

Golandam aliona, kwa mara ya kwanza tangu jana, njia iliyo wazi mbele yake kama barabara. Neno moja. Akamgeukia mumewe, akapiga magoti mbele yake, akamshika uso.

"Sema," alinong'ona. "Safdar, sema, ulimwengu wao ufe nao. Wewe uwe hai. Ni neno tu, lina uzito gani?"

Safdar alimtazama kwa jicho moja. Alikuwa amechoka kiasi kwamba kichwa kilikuwa kinamwangukia begani.

"Nikisema hivyo," alisema, "nani ataliamini tena bakuli? Wataangalia tundu kila asubuhi na sepetu begani. Watauana wote, Golandam, mpaka wa mwisho awe na maji yote."

"Nami nimewauliza wao? Nakuuliza wewe!"

"Sikuweka nta, Yavar!" Safdar alipaza sauti, ikapasuka. "Mwanao kafa bure! Na mzee Morovvat bure! Kata, au nifungue, lakini siongopi!"

Golandam aliona uso wa Yavar ukifunga kama mlango. Sepetu ilikwenda juu kwa mikono miwili. Alijitupa juu ya mumewe, akafumba macho, akasikia kishindo cha miguu, akasikia sauti ya Eskandar, nyembamba, kama ya mtoto mdogo: "Baba! Ni mimi! Saa ilipima baridi, baba, ni mimi niliyeleta..."

Na pigo. Chuma kwenye mfupa, halafu mfupa ukakubali.

Golandam alipofungua macho, Eskandar alikuwa amelala kwenye miguu yake. Sepetu ilikuwa imemwingia kati ya shingo na bega, na mpini ulikuwa bado unatikisika. Yavar aliuachia kama umemuunguza. Alirudi nyuma hatua moja. Eskandar alijaribu kuinuka, na kila alipojaribu damu iliruka, ikamrukia Golandam kidevuni, ina joto.

"Usiinuke!" Golandam alimkalia kifuani. "Zinat, kitambaa! Majivu kutoka kwenye samovari! Wewe, msichana, acha kucheka, leta uzi na sindano!" Alivua ushungi, akaukunja, akachomoa sepetu, akausukuma ushungi ndani ya jeraha kwa mikono yote miwili. Kijana alipiga yowe. "Piga kelele, piga, anayepiga kelele hajafa." Damu ikapanda katikati ya vidole vyake. Mikono yake, iliyochanwa na barafu, ilikuwa inateleza, haina nguvu.

Akainua kichwa. Yavar alikuwa amesimama pale pale, mikono imening'inia.

"Njoo hapa," Golandam alisema.

Hakusogea.

"Yavar! Unataka kuzika wawili siku moja? Njoo hapa, piga magoti! Weka mikono yako hapa, juu ya yangu. Mimi nikitoa, wewe bonyeza. Bonyeza! Kwa uzito wako wote. Ukilegeza, amekufa."

Yavar akapiga magoti. Mikono ilikuwa bado na udongo wa kaburi. Aliiweka juu ya ushungi, Golandam akatoa yake chini, na mzee akabonyeza, akaegemea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Eskandar akamlaani kwa Kihindi. Damu ikapungua, ikawa inavuja tu.

"Hivyo hivyo," Golandam alisema. "Ukae hivyo hivyo hata jua lizame."

Zinat alikuja na majivu. Watu wa Mtaa wa Juu walianza kusogea, mmoja avue joho amfunike kijana, mwingine ashike miguu yake. Kutoka ng'ambo, binti yake Morovvat aliingia mferejini na viatu, akavuka, sindano na uzi mkononi.

"Golandam," sauti ilitoka nyuma yake. Ilikuwa ya Safdar, kwenye shina. "Golandam, na mimi je?"

"Ngoja," alimjibu bila kugeuka, anatia uzi kwenye sindano, anaukosa, anaulowesha kwa mate. "Wewe huvuji."